Shavu la Maria wa Ganjoni

Mimi si mtu wa kukaa kimya kikaoni, na wanaonijua kanisani kwetu Ganjoni walishazoea. Kwa hiyo Mzee Joab, mwenyekiti wa baraza letu, aliposimama na kutangaza kwamba kabla ya jubilei ya parokia yetu sanamu ya Bikira Maria lazima isafishwe "irudi kwenye rangi yake", mkono wangu ulikuwa juu kabla hajaketi.

"Rangi yake ni ipi, mzee?" nikamuuliza.

"Mwalimu Nekesa, nawe! Mama wa Mungu ameliwa na moshi wa mishumaa, mafuta yamemganda kila mahali. Wageni watakuja kutoka mbali. Tuwaonyeshe Mama mchafu?"

Neno hilo, mchafu, lilinichoma. Nilimtazama Padre Kazungu nikitaraji atasema kitu, lakini yeye ni kijana, ana mwaka mmoja tu kwetu, na alikuwa bado anajifunza nani hukasirikia nini.

Sanamu yenyewe ni ndogo, haizidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Iko kwenye altare ya pembeni. Maria ameketi wima kitini, Mtoto yuko mapajani mwake, na wote wawili wanatazama mbele bila kutabasamu. Uso wa Mama ni mweusi. Sisemi wa maji ya kunde, nasema mweusi, tena unang'aa. Padre mmoja mzungu aliileta zamani, wakati bandari ikipanuliwa, akasema imechongwa kwa kuiga sanamu za kwao za Zama za Kati. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua chochote, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza.

Mimi niliuliza. Nimefundisha historia katika shule ya Tudor, hapa Mombasa, mpaka nikastaafu, na mwalimu wa historia akistaafu hana pa kupeleka udadisi wake. Nikasoma. Nikakuta kwamba Ulaya kuna Maria weusi wengi tu, Ufaransa, Uhispania, Polandi, na Wakristo wa zama zile walikuwa wakienda kwa miguu safari za miezi ili wapige magoti mbele yao. Walitokeaje kuwa weusi? Wataalamu wanavutana. Wapo wanaosema ni moshi wa mishumaa, wapo wanaosema ni rangi iliyogeuka kwa uzee, wengine wanasema mbao zenyewe zilikuwa nyeusi. Na wapo wanaosema wachongaji walikusudia, kwa ajili ya yule bibi harusi wa maandiko anayejisifu kwamba ni mweusi na ni mzuri. Hilo la mwisho nililishika kwa mikono miwili. Habari ya moshi niliiona kisingizio cha watu wanaoona haya.

"Wetu alichongwa mweusi," nikasema kikaoni. "Hakuna cha kurudisha."

"Una hakika, mwalimu?" Padre Kazungu akauliza.

"Mia kwa mia, Padre. Tena tumwite fundi ajaribu mahali padogo. Akikuta mbao nyeusi chini ya hayo mafuta, Mama aachwe kama alivyo, na habari hii isirudi tena mezani. Akikuta rangi nyeupe, mwosheni. Beseni la maji nitalishika mimi mwenyewe."

Watu wakacheka. Joab akakubali papo hapo, Padre akashukuru kwamba tumeelewana, na kikao kikaenda kwenye habari za viti na turubai. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo. Mdomo wangu huo, Mungu ameniumba nao.

Niseme kwa nini jambo hili lilinishika hivyo. Nilipokuja Mombasa nilikuwa msichana wa Bungoma niliyepangiwa kazi pwani, sina ndugu wala rafiki, joto linaniua, na watu wanasalimiana kwa urefu ambao sikujua uishie wapi. Kila kanisa nililoingia Maria alikuwa mweupe, mashavu yamepakwa wekundu. Nilisali, kwani nilifundishwa kusali, lakini nilisali kama mtu anayezungumza na mke wa meneja. Kisha nikaingia kanisa la Ganjoni nikamkuta huyu, mweusi, amekaza uso, amekaa kama shangazi yangu anapomsubiri mtu aseme ukweli. Nililia siku hiyo mpaka nikaona aibu. Mume wangu Barnabas alipokufa, sikwenda kwa mtu, nilikwenda kwake. Sikuwa tayari kumpoteza kwa ajili ya jubilei.

Fundi tuliyemleta ni Fahmi wa Mji wa Kale, anayetengeneza milango na makasha ya zamani. Mimi ndiye niliyemchagua, kwa sababu nilitaka mtu asiye wa upande wowote, na Mwislamu hangependelea Joab wala mimi. Alikuja na mkoba wake, akavua viatu mlangoni ingawa tulimwambia si lazima, akasalimia kila mmoja wetu kwa zamu, akauliza hali za nyumbani, kisha ndipo akaisogelea sanamu.

"Huyu ni Bibi Maryamu," akasema, kana kwamba anajijulisha kwake. "Haya. Mwataka nianze wapi?"

"Pindo la nguo," nikasema.

Akachovya pamba kwenye dawa yake, akaipitisha polepole kwenye pindo. Pamba ikatoka nyeusi. Akachukua nyingine, na nyingine. Chini ya weusi ikatokea buluu, buluu ya wazi. Joab akakohoa. Mimi nikasema nguo si ngozi, nguo kila mtu hupaka rangi, ajaribu mkono.

Fahmi akajaribu mkono wa Mama, ule unaomshika Mtoto. Akafuta kidole kimoja. Nilikuwa nimeinama karibu naye mpaka nikaweza kunusa nazi kwenye ile pamba. Kidole kikatoka cheupe, kina wekundu kidogo kwenye ukucha, kama cha mwanasesere.

Wanaonijua walinigeukia wangoje neno langu, kisha wahakikishe niko salama.

"Ni mafuta haya, bi," Fahmi akaniambia kwa upole. "Mafuta ya nazi yakikaa, na moshi wa mshumaa ukaja juu yake, hushikana. Hata milango yetu huwa hivi. Mwenye kumpaka alikuwa amtunza."

Mwenye kumpaka tulimjua sote. Mama Awiti, mjane wa mfanyakazi wa bandari, mwanamke mzee kuliko wote kanisani, alikuwa akija kila Jumamosi kumpaka Maria mafuta. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Ukijitia kusaidia, alikutuma ukafagie. Sisi wanawake tulikuwa tukimtania kwamba yeye ni mama mkwe wa Maria. Kumbe basi, nikajiambia, weusi wote ule niliojivunia ulikuwa ajali ya bibi mmoja na chupa ya mafuta. Niliona uchungu, na sitaficha kwamba dakika hiyo nilimkasirikia hata yeye.

"Basi ahadi ni ahadi," Joab akasema. Hakusema kwa kejeli, nampa haki yake. "Fundi, endelea na uso."

Fahmi akaweka pamba chini. "Uso siufanyi."

"Kwa nini? Malipo yako tumekubaliana."

"Si malipo, mzee wangu. Nguo n'tasafisha, kiti n'tasafisha. Lakini kukaa n'kitoa sura ya kiumbe, macho, mdomo, hiyo si kazi yangu. Tangu kwa babu yetu, sisi huchonga maua na minyororo tu. Mnisamehe sana."

Joab akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama Padre. Fahmi hakuwa mtu wa kubembelezwa, hilo lilionekana. Hatimaye Joab akasema, "Sawa. Niachie hiyo dawa yako. Uso nitausafisha mwenyewe Jumamosi, mbele ya watu wote, wasije wakasema tumefanya kwa siri."

Lazima nieleze kwamba Joab si mtu mbaya. Alifanya kazi reli maisha yake yote, na watu wa reli wa zamani wanataka kila kitu king'ae na kifike kwa wakati. Mkewe alipougua ule ugonjwa mrefu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti pale pembeni kila alfajiri, na hata baada ya kumzika hakuacha. Kwa akili yake, kumsafisha Mama ilikuwa heshima aliyodaiwa naye. Ugomvi na mtu anayependa unachokipenda ni mgumu kuliko ugomvi na adui, na nilijua hivyo, lakini sikukusudia kushindwa.

Nilikwenda kwa Padre Kazungu. Nikamwambia uamuzi ule ulikuwa wa pupa, pupa yangu mimi, na mtu anaruhusiwa kutubu pupa. Akanisikiliza vizuri, akanimiminia chai, kisha akasema, "Mwalimu, ungeshinda wewe, ungekubali Mzee Joab aje hapa kunywa chai hii?" Nikameza chai yangu nikaondoka.

Nikaandika kwenye kundi letu la simu. Niliandika kwa kirefu, nikaeleza Ufaransa na Uhispania yote, nikaeleza kwamba hata kama weusi ulikuja baadaye ni sehemu ya historia ya sanamu. Joy, binti anayepanga kwaya, akaniwekea mikono ya kusali. Wengine wakaandika "Amina". Amina ya nini? Mtu mmoja akauliza kama sare za jubilei zimefika.

Mwisho nikapanda tuktuk kutoka Tudor mpaka kwa Mama Awiti. Anakaa chumba cha chini karibu na kanisa, madirisha wazi, redio inasema peke yake. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamweleza yote: kikao, ahadi yangu ya kijinga, buluu ya pindo, kidole. Nilipofika kwenye kidole aliacha kuchambua mchele.

"Kilikuwa cheupe?" akauliza.

"Cheupe, mama. Sikutegemea."

"Mm," akasema, akaendelea kuchambua.

"Wewe ukisema neno watakusikiliza. Joab mwenyewe anakuogopa. Njoo uwaambie wasimguse. Umemtunza miaka yote hiyo, una haki."

"Uso ataosha nani?"

"Joab. Fundi amekataa."

Akanyanyua macho. Nilidhani sasa ndiyo atawaka, maana namjua anavyowaka.

"Joab," akasema. "Basi vizuri. Waache waoshe."

"Mama!"

"Waache waoshe, nyathina. Wewe si umesema utashika beseni? Lishike vizuri, usimwage maji kanisani."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na huwa ananiita hivyo akitaka nikome. Nikakoma. Nilitoka pale nimekasirika, nikamwona ni mzee aliyechoka, aliyekubali kunyang'anywa kitu chake kwa sababu hana nguvu ya kugombana. Nikaapa kwamba nitashika beseni kwa sababu nimeahidi, lakini Joab atanisikia kila atakapochovya pamba.

Jumamosi watu walijaa kama siku ya kipaimara. Sanamu ilikuwa imeshushwa, imewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Nguo ya Maria na kiti chake Fahmi alikwisha kuvisafisha, na kweli vilipendeza, buluu na dhahabu, sitabisha. Uso tu ndio uliobaki mweusi juu ya nguo ile mpya, na ulinitazama mimi. Mama Awiti aliketi benchi la mbele na mkoba wake mapajani.

Nikashika beseni. Joab akavaa glavu, akafanya ishara ya msalaba, akachovya pamba.

"Mzee Joab," nikasema.

"Mwalimu, tulishazungumza."

"Sijasema kitu. Nimekuita jina lako tu."

Akaanza na shavu la kulia. Alifuta kwa adabu, kwa miduara midogo, kama anavyofutwa mtoto asiamke. Pamba ya kwanza ikaanguka ndani ya beseni langu, nyeusi tititi. Ya pili vilevile. Maji yakabadilika rangi mikononi mwangu, nami nikayatazama kwa sababu sikutaka kutazama uso. Pamba ikawa ya kijivu, kisha ikawa karibu safi, na Joab akasimama wima akarudi hatua moja nyuma ili aone kazi yake.

Nikainua macho nami. Shavu lilikuwa la waridi. Waridi lenyewe, laini, lenye doa jekundu la mviringo katikati kama lile la mwanamke kwenye kopo la poda, na kwa sababu ya shavu hilo jicho la juu yake nalo lilibadilika, halikunitazama tena mimi wala mtu yeyote. Lilitazama mlangoni.

Nilisubiri Joab afurahi. Alisimama tu na ile pamba mkononi. Akainamisha kichwa upande mmoja, akakirudisha. Akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Simjui huyu," akasema.

Hakusema kwa sauti. Lakini kanisa letu ni dogo na lilikuwa kimya, kila mtu alisikia. Aligeuka kunitazama. "Mwalimu, simjui. Mimi nimemwambia huyu mambo yangu yote ya mke wangu. Nilikuwa namwambia nani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno wiki nzima. Nikamsogezea beseni tu, aweke ile pamba.

"Hata mimi sikumjua," Mama Awiti akasema.

Aliinuka kutoka benchini, akaja mbele taratibu akishika viti, hakukubali mkono wa mtu. Akasimama kati yangu na Joab, akalitazama lile shavu la waridi kwa muda, kama anavyotazamwa mtu mliyekosana naye zamani.

"Ndivyo alivyokuwa nilipokuja," akasema. "Nilimzika mtoto wangu wa kwanza hapa Mombasa. Kutoka makaburini nikaingia humu, miguu ina udongo, nikapiga magoti. Nikainua macho nikamwona huyo. Nikamwambia, wewe mama, hayo mashavu yako, wewe nitakuambia nini ukaelewa? Nikarudi nyumbani bila kusali. Nikakwangua masizi chini ya sufuria, nikayachanganya na mafuta ya nazi, Jumamosi nikarudi kufanya usafi. Nilianza na shavu hilo hilo."

Padre Kazungu akafungua mdomo. "Mama, ulimpaka masizi? Kwa makusudi?"

"Sasa masizi huruka yenyewe, Padre?"

"Na yule Padre wa wakati ule? Hakuona?"

"Nilikwenda kidogo kidogo. Leo shavu, wiki ijayo kidevu. Alipokuja kuona, akasema ni mishumaa, akaamuru mishumaa isogezwe mbali. Nikasogeza."

Mtu alicheka nyuma, kisha wengi wakacheka, na mimi nilicheka huku machozi yananitoka na beseni linayumba. Nimesoma hoja za wataalamu, za moshi na za uzee na za mbao na za mchongaji, nikazipanga na kuzipanga upya mezani kwangu Tudor, na hakuna hata siku moja niliyofikiria kwamba huenda alikuwa ni mwanamke tu, mwenye msiba wake, aliyeamua. Alimtaka Mama anayefanana na watu anaowajua, akamfanya. Nilikuwa nimesali miaka yote mbele ya kazi ya mikono yake na sikumuuliza hata mara moja.

Joab hakucheka. Bado alishika pamba. "Kwa hiyo nifanyeje, mama? Tulikubaliana kikaoni. Hata mwalimu alikubali."

"Osha, baba, sikukatazi. Mlikubaliana." Mama Awiti alifungua mkoba wake akatoa chupa. "Ukimaliza, nipishe. Nitaanza upya."

"Upya? Mama, umri huo? Kazi ile ilikuchukua miaka."

"Ndiyo maana nataka uharakishe."

Alimimina kidogo kiganjani mwake. Alikuwa akifanya hivyo kila Jumamosi akitugeuzia mgongo, na sote tulidhani ni mafuta matupu. Yalikuwa meusi, mazito, yanang'aa. Akasimama hivyo, kiganja wazi, anamsubiri mwenyekiti wa baraza amalize kazi yake, na kwa jinsi alivyosimama niliona kwamba hakika angesubiri mpaka jioni, na Jumamosi ijayo angekuja, na inayofuata.

Joab alilitazama lile shavu la waridi mara moja zaidi. Kisha akadondosha pamba kwenye beseni, akavua glavu moja, akavua na ya pili, akazitupa humo humo. Akanyoosha mkono wake mtupu mbele ya yule mama mzee.

"Nionyeshe unavyofanya," akasema.

Mama Awiti akamshika kidole cha shahada, akakichovya kiganjani mwake, akakipeleka shavuni.